Mshale Uliosema Tangi Limejaa

Mwezi uliopita tuliahidi kuandika juu ya mitihani ya watoto. Mitihani itangoja kidogo. Sisi walimu wa kujitolea, wale watatu tunaofundisha hesabu na fizikia kule sekondari, tuko na deni, na inafaa tulilipe mbele ya watu wote, kwa sababu kosa tulilifanya mbele ya watu wote.

Wengi mnaijua ile gari, Toyota pikapu ya mazutu, ya zamani kuliko sisi wenyewe, inayobeba mihogo na maharage siku za soko, na inayobeba wagonjwa usiku kama ambulansi imekwenda mbali. Usiku ule mama mmoja alishikwa na uchungu wa kuzaa, na ambulansi ilikuwa imeondoka na mgonjwa mwingine. Tukakimbia kumwamsha Papa Shofere. Tutamwita hivyo tu, jina lake mnalijua. Akatoka amevaa koti juu ya nguo za kulalia, akasema, «Bana yangu, naogopa mafuta. Tutafute hata lita tano.»

Lita tano, saa saba ya usiku! Kila mtu anajua shida ya mafuta ilivyokuwa hapa Burundi tangu 2021, na jinsi ilivyokaza miaka iliyofuata: magari kupanga mstari kituoni siku nzima na usiku, na bado kurudi matupu. Kutafuta lita tano ilikuwa ni kuamsha nusu ya kambi, kuchangisha pesa, kisha kumwomba mtu mwenye jerikani afungue mlango. Mmoja wetu akaingiza kichwa ndani ya gari, akageuza ufunguo, akamulika tablo kwa tochi. Mshale wa mafuta ulipanda polepole mpaka karibu na mwisho, pale penye kujaa.

Tukamwambia, «Papa, mshale uko juu. Usitafute pesa ya bure. Twende.»

Maneno hayo tuliyasema sisi, na mama mgonjwa aliyasikia, na mume wake pia.

Gari ikasimama kwenye mlima hapa Mwakiro, njia ya kuelekea Muyinga. Ilikohoa mara mbili, ikazima. Mshale ulikuwa bado juu, tena umezidi pale ulipokuwa tukiondoka. Papa Shofere akakata kijiti, akakitumbukiza ndani ya tangi, akakitoa. Kikavu. Hata ncha haikulowa vizuri.

Watu wa kilima kile walitoka na tipoyi yao, ile wanayoiita ingobyi, wakambeba mama. Tulibeba nao kwa zamu. Mtoto alizaliwa Muyinga alfajiri, mzima, wa kiume. Mama alipoteza damu nyingi na alikaa hospitali majuma mawili. Wale wanaume wa kilima hatukuwahi hata kuwauliza majina. Papa Shofere alibaki na gari. Na mazutu ikiisha kabisa kwenye injini ya zamani, hata ukileta lita ishirini haiwaki tu hivi, lazima ufungue mahali pa kutolea hewa na kupompa kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Alifika kambini kesho yake saa kumi, mikono myeusi.

Sasa sikilizeni tulichofanya. Siku tatu kabla, mwenye gari alitia lita thelathini kwa safari ya Gitega. Lita thelathini zimekwenda wapi? Watu wakasema ameuza. Mtu akauliza, kama aliuza, mbona mshale ulikuwa juu? Na hapo sisi, wasomi wa kambi, tukajibu kwa sauti pale kwenye bomba la maji, «Ameharibu mshale makusudi ili afiche wizi.» Ilionekana ni jibu la akili sana. Mwenye gari akachukua ufunguo. Papa Shofere alijaribu kujitetea kwa jambo moja tu. Alisema, «Siku ile natoka Gitega, mushale ulikuwa unapanda njiani. Toka Karuzi unapanda tu.» Watu wakacheka. Sisi tulicheka kuliko wote. Gari inatembea na mafuta yanaongezeka!

Basi binti yake anasoma darasa letu, mwaka wa nne. Wenzake walianza kumwita mtoto wa mwizi. Hakulalamika. Lakini siku tuliyofundisha kanuni ya Ohm, kwamba ukinzani ukiwa mkubwa umeme unaopita ni mdogo, alinyoosha mkono akauliza, «Mwalimu, mshale wa gari unatumia umeme?» Tukasema ndiyo. «Je, ukinzani ukigeuzwa, unaweza kupanda mafuta yakipungua?»

Tulisimama pale na chaki mkononi. Kwa sababu jibu ni ndiyo, na jibu hilo tulikuwa nalo ubaoni kwa mkono wetu wenyewe.

Ndugu wasomaji, turuhusuni tueleze, maana iko magari mengi ya zamani huku kwetu na jambo hili linaweza kumpata yeyote. Ndani ya tangi kuna chombo ambacho mafundi wengine wanakiita floteri, wengine boya. Ni kitu kinachoelea, kimefungwa kwenye mkono wa waya. Mafuta yakipanda, mkono unapanda, yakishuka, unashuka. Mkono huo unasukuma kidole cha metali juu ya waya mwembamba uliozungushwa, na hapo ukinzani unabadilika, ambao tunaupima kwa omu. Waya mmoja unatoka hapo mpaka kwenye tablo. Kule kuna geji. Katika magari mengi ya zamani, geji ina kipande cha metali mbili zilizoshikana, kimezungushiwa waya. Umeme ukipita kinapata joto, kinajikunja, na kusukuma mshale. Ndiyo maana mshale wa gari ya zamani unapanda polepole kama mzee anayetoka kitandani, na hautikisiki hata njia ikiwa mashimo matupu.

Geji haioni mafuta. Inaona omu tu. Nayo ilitengenezwa na kiwanda ikiwa imefundishwa lugha moja: omu hizi maana yake tupu, omu hizi maana yake limejaa. Na viwanda havikukubaliana. Toyota nyingi za zamani, tangi likiwa tupu floteri inatoa omu mia moja na kitu, na likijaa inashuka mpaka omu chache tu, chini ya kumi au hapo karibu. Floteri za Ulaya za aina ya VDO ni kinyume kabisa: 10 tupu, 180 limejaa. Magari ya GM ya Marekani kwa miaka mingi yalitumia 0 tupu na 90 limejaa, wakati Ford na Chrysler za zamani zilikuwa 73 hivi tupu na 10 limejaa. Na floteri zinazouzwa Marekani peke yake, bila gari, nyingi ni 240 tupu na 33 limejaa. Ukichukua floteri ya ukoo mmoja ukaiunga na geji ya ukoo mwingine, zitaongea, lakini hazitaelewana.

Tukamfuata mwenye gari. Kwanza hakutaka kutusikia. Tukamwuliza swali moja tu: floteri iliyo ndani ni ya zamani? Akasema hapana, ile ya kwanza ilikufa, mshale ulikuwa unalala chini mwaka mzima, Papa Shofere alikuwa akipima kwa kijiti. Safari ile ya Gitega mwenye gari alinunua nyingine pale pale, imetumika lakini nzuri, akaifunga huko huko. Matundu ya skrubu hayakulingana, wakatoboa mengine. Na kile kijiti? Akasema, «Nilikitupa. Sasa si tuko na mshale?»

Kama matundu ya skrubu hayalingani, hilo peke yake lingetosha kutufanya tuulize. Lakini watu wanaona kitu kimeingia na kimefungwa, wanasema kinafaa.

Tukaazima kipimo cha umeme kwa kijana anayetengeneza redio na simu. Tukaja na darasa lote, na binti wa Papa Shofere akiwa mbele. Kwanza tulijaribu geji yenyewe. Tulichomoa waya wa floteri, tukageuza ufunguo: mshale ukalala chini, tupu. Kisha tukaugusisha waya ule kwenye bodi ya gari, tukiweka balbu ndogo katikati ili umeme usipite kwa nguvu na kuunguza geji: mshale ukapanda mpaka umejaa. Basi geji ilikuwa nzima, nayo ni ya ukoo ule wa omu chache kwa tangi lililojaa. (Kwa GM ingekuwa kinyume: waya ukichomolewa mshale unapanda, ukigusa bodi unashuka. Hivyo jaribio hili linakuambia pia geji yako ni ya ukoo gani, bila kitabu.) Tulifanya hayo mbali na mdomo wa tangi, na tangi limefunikwa, juu ya cheche. Mwenye gari ya petroli awe mwangalifu mara kumi zaidi yetu.

Kisha tukaitoa floteri. Boya chini kabisa, yaani tangi tupu: omu 11. Boya juu: 178. Mtoto mmoja akaziandika ubaoni chini ya namba za Toyota, na hapakuwa na haja ya kueleza. Floteri ya Ulaya imewekwa kwenye geji ya Japani. Tangi likiwa tupu inatoa omu 11, na geji inasoma omu 11 kuwa «karibu limejaa». Kila lita iliyochomwa kutoka Gitega ilisukuma mshale juu. Papa Shofere aliona kweli kilichotokea njiani toka Karuzi, akakisema jinsi alivyokiona.

Mtu atauliza, mbona hawakugundua siku ya kwanza? Tangi likijaa mshale ungeshuka chini, na kila mtu angeona iko shida. Ni kweli. Lakini nani alijaza tangi miaka hii? Watu wanatia lita kumi, lita kumi na tano, kile walichopata. Tangi linaishi karibu na chini, na mshale ukaishi juu, na wote tukafurahi kuuona juu. Nani anataka kumbishia mshale unaosema habari njema?

Na zile lita thelathini? Tulipiga hesabu na mwenye gari akiwepo: Gitega kwenda na kurudi, gari nzito, milima, mzigo. Ziliishia barabarani. Hakuna hata lita moja iliyouzwa.

Sasa maneno mawili juu ya kurekebisha, kwa sababu wanafunzi walitaka kuokoa ile floteri isitupwe, ilinunuliwa kwa pesa nyingi. Walishauri tuweke kinzani, kile kidude kidogo cha ndani ya redio, ili kupunguza omu. Wazo si baya, lakini kinzani inaweza kupunguza namba, haiwezi kugeuza upande. Inafaa pale ambapo geji na floteri zote mbili zinapanda pamoja. Tuliwapa hesabu hii: geji ya GM ya 0 mpaka 90, na floteri ya VDO ya 10 mpaka 180. Ukiweka kinzani ya omu 180 sambamba na floteri, kwenye kujaa unapata 180 na 180, yaani 90 kamili. Vizuri sana. Watoto wakapiga makofi. Tukawaambia wapime katikati. Nusu tangi floteri inatoa omu 95. Ukiiunga na 180 unapata 62 hivi, na 62 katika 90 ni zaidi ya theluthi mbili. Na tangi likiwa tupu inatoa 9 na nusu, kwa hiyo mshale unaonyesha bado iko kidogo. Makofi yakaisha. Juu inakubali, lakini chini, pale unapohitaji ukweli kuliko mahali pengine, inaendelea kukudanganya.

Dawa yenyewe ilikuwa kutafuta floteri ya ukoo wa geji. Fundi mmoja wa Mwakiro ana mifupa ya Toyota nyuma ya nyumba, gari iliyoanguka zamani, kuku wanalala ndani. Alituachia tufungue tangi wenyewe. Floteri ilikuwa na kutu juu, lakini kipimo kilitoa omu 4 boya likiwa juu na 108 likiwa chini. Tuliisafisha pale kidole kinapopita. Tukalitikisa boya karibu na sikio, kwa maana boya la shaba likitoboka linakunywa mafuta na kuzama, na mshale unalala chini hata tangi likijaa. (Wengine wanaliziba kwa kulichomelea risasi. Tunawasihi wasilitie moto likiwa na petroli ndani. Litalipuka mkononi.) Tukapima pia urefu wa mkono wa boya na kina cha tangi, kwa sababu omu zinaweza kulingana na mkono ukawa mfupi, boya halitafika chini, na mshale utasema iko robo wakati tangi limekauka. Huyu alilingana. Tulikwangua rangi mahali inaposhika bodi, maana bila kugusa bodi vizuri umeme hauna njia ya kurudi, na hapo hata floteri mpya inatoa namba za uongo.

Mwenye Land Rover ya zamani ya Series aongeze jambo moja. Nyingi za hizo ziko na kidude nyuma ya tablo kinachoshusha umeme wa betri mpaka volti 10 hivi kabla haujafika kwenye geji. Kikiharibika, mshale wa mafuta na mshale wa joto la injini inadanganya pamoja. Ukiona miwili imepanda kwa wakati mmoja, usikimbilie tangi, anza na hicho.

Mwisho tulijaribu kwa mafuta yenyewe. Mwenye gari alitoa lita ishirini, tukatia tano tano, tukingoja dakika mbili kila mara mshale utulie, na binti yule akaweka alama kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa pembeni ya geji. Lita tano mshale ulisogea kidogo sana, lita kumi ukapanda zaidi. Alama hazikuachana sawa, kwa kuwa tangi si sanduku, lina mbonyeo chini. Karatasi ile bado iko pale. Mkipanda mbele mtaiona.

Halafu tukaenda kwa Papa Shofere. Tulikwenda jioni, sisi watatu, na mwenye gari, na mume wa yule mama. Hatukuwa na kitu cha kupeleka isipokuwa sukari kilo moja. Tulimwambia kwamba tulimwita mwizi bila kupima, na kwamba usiku ule aliomba lita tano nasi tukamwambia anatafuta pesa ya bure, na kama tungemsikiliza mama asingebebwa begani gizani. Hakujibu. Mke wake alipokea sukari, akaingia ndani. Tulikaa pale muda mrefu, mbu wanatula. Kisha Papa akauliza kama kile kipimo tuko nacho. Tulikuwa nacho. Akashika zile nyaya mbili, akataka tumwonyeshe omu ni nini, akapima betri ya redio yake, akapima waya, akapima kidole chake mwenyewe kikavu, kisha akakilowesha kwa mate akapima tena, akaona namba imeshuka, akacheka kidogo. Mpaka leo hajasema ametusamehe, nasi hatujamwuliza tena.

Alirudi kwenye gari juma lililofuata. Aliweka sharti moja, mwenye gari akakubali: kijiti. Amechonga kipya cha mti mgumu, ana alama za kisu kila lita kumi, kinakaa nyuma ya kiti. Kila asubuhi anaangalia mshale, kisha anakitumbukiza, kisha anamwita binti yake alinganishe na karatasi.

Tangazo. Wenye floteri za zamani, hata zilizovunjika, msizitupe wala msiwape watoto wachezee. Zileteni darasani kwetu siku ya alhamisi baada ya masomo. Tutazipima bure, tutaandika juu yake kwa rangi: omu zikiwa chini, omu zikiwa juu, na urefu wa mkono. Mpaka sasa tumepokea nne, na moja kati ya hizo, ya gari tusiyoijua, inatoa 73 tupu na 10 limejaa. Mwenye kuijua gari hiyo aje atuambie.